Mshale wa Oili Unapopanda Baada ya Ovahoo

Land Rover 109 iliyotoka kufanyiwa ovahoo hupata mtihani wake wa kwanza barabarani. Mwenye gari anaitoa gereji Maili Moja, Kibaha, anaiingiza Barabara ya Morogoro kuelekea Kiluvya ili akatize hadi Kisarawe, na kabla hajakunja kona macho yameshaganda kwenye geji ya oili. Mshale umepita 60, umepita 80, umekaa jirani na 100. Anapiga simu. "Usiwe na wasiwasi bosi," fundi anamwambia, "injini mpya hiyo, bado imebana." Akimuuliza fundi wa pili, huyo anamshauri airudishe leo leo, injini ifunguliwe upya.

Majibu yote mawili yanatolewa kabla ya kupima chochote. La kwanza linaichukulia presha kubwa kuwa dalili ya afya, na linaweza kuua kranki iliyochongwa juzi. La pili linamwingiza mwenye gari kwenye gharama ya gasketi, oili na siku za kazi kwa kosa ambalo mara nyingi liko kwenye waya mmoja, au kwenye wosha ndogo iliyowekwa miaka mingi iliyopita na kusahaulika. Kati ya majibu hayo ipo njia ya kupima hatua kwa hatua, kuanzia kitu kisichogharimu chochote hadi kile kinachogharimu sana. Njia hiyo ndiyo ninayoitetea, kwa sababu injini nyingi nzuri za zamani zimefunguliwa bure, na chache zimenoki huku mshale ukiwa juu na dereva akifurahi.

Tuanze na maana ya namba yenyewe. Pampu ya oili ya Land Rover hizi ni gia mbili zilizofungiwa ndani ya nyumba ya chuma, chini kabisa kwenye sampu. Kila mzunguko unasukuma kiasi kile kile cha oili, iwe nyepesi au nzito. Presha huzaliwa mbele ya pampu, pale oili inapolazimishwa kupita kwenye nafasi nyembamba kati ya kranki na beringi, nafasi isiyofika hata sehemu moja ya kumi ya milimita, kisha ipande hadi kwenye kamshafti na roka. Nafasi zikiwa pana kwa uchakavu, oili inapita bila shida na mshale unashuka. Zikiwa finyu, oili ikiwa nzito, au njia ikiwa imeziba, mshale unapanda. Kwa hiyo geji inasema oili inapata upinzani kiasi gani. Haisemi oili imefika wapi.

Wakazi wa Kisarawe wanaweza kulielewa hili kwa maji yao. Tangu 2020 maji ya DAWASA yanasukumwa kutoka Kibamba kupanda hadi Kisarawe mjini. Mtu akifunga valvu kule juu, geji iliyo kwenye pampu Kibamba itapanda, na anayeitazama geji hiyo peke yake atadhani kazi inakwenda vizuri kuliko jana, wakati mabomba ya Kisarawe yamekauka. Injini iliyozibwa njia ya oili inafanya vivyo hivyo. Ndiyo maana siikubali kauli ya "imebana" ikisemwa peke yake, bila kipimo kingine pembeni.

Kiwango cha kulinganishia kipo. Kwa injini ya petroli ya lita 2.25, iliyoanza kufungwa kwenye Land Rover Series II mwaka 1958 na kuendelea katika Series III hadi miaka ya 1980, kitabu cha mtengenezaji kinataja psi 35 hadi 65 gari likiwa limepata joto la kawaida na likitembea maili 30 kwa saa kwenye gia ya juu. Maili 30 ni kama kilomita 48. Tazama masharti hayo: joto kamili, mwendo maalumu, gia ya juu. Psi 80 asubuhi injini ikiwa ya baridi haiko ndani ya masharti hayo, hivyo haihukumiwi kwa kiwango hicho. Psi 80 ukiwa umetoka Kibaha na kumaliza kupanda vilima vya Kisarawe ni habari nyingine kabisa.

Kuna pia suala la vipimo kuchanganyika. Kibaha ni mji uliozoea vyuma vya asili tofauti. TAMCO iliunganisha malori ya Scania hapo, Nyumbu, kituo cha teknolojia ya magari kilicho chini ya Wizara ya Ulinzi, kiko hapo hapo, na spea za Kijapani zimejaa kila duka la barabarani. Dashibodi ya Land Rover ya zamani mara nyingi imekusanywa kutoka sehemu hizo zote. Geji moja inasoma psi, nyingine bar, nyingine kilo kwa sentimita ya mraba. Bar 1 ni psi 14.5, na kilo 1 kwa sentimita ya mraba ni kama psi 14.2. Mshale unaosimama kwenye 4 katika geji ya bar unasema psi 58, namba nzuri kabisa. Kabla ya kuogopa, safisha kioo, tafuta herufi ndogo chini ya namba, ujue unasoma nini.

Sasa geji yenyewe. Series III nyingi zilitoka kiwandani zikiwa na taa ya onyo ya oili tu. Geji unayoiona leo kwenye gari la aina hiyo kwa kawaida imeongezwa baadaye, na iliongezwa na mtu aliyenunua geji duka moja na sensa duka lingine. Hapo ndipo lilipo kosa la kwanza la kutafuta. Naliweka mbele kwa sababu linapimwa kwa dakika chache bila kulegeza bolti hata moja ya injini.

Sensa ya umeme ni kipande kinachobadilisha upinzani wake wa umeme kadiri presha inavyopanda. Zile za mtindo wa Ulaya, kama VDO, huwa na kama ohmu 10 presha ikiwa sifuri na hupanda hadi kama 180 mwisho wa kipimo. Zile za mtindo wa Marekani zinakwenda kinyume: ohmu 240 kwenye sifuri na 33 mwishoni. Ukiunganisha sensa ya upande mmoja na geji ya upande wa pili, utapata kioja ambacho fundi wa umeme mzoefu anakitambua mara moja. Ukiwasha swichi kabla ya kupiga stata, mshale unakwenda mwisho wa juu. Ukiwasha injini na kukanyaga mafuta, unashuka. Geji inasoma kinyumenyume, na hakuna kosa lolote kwenye injini.

Kioja cha pili kinadanganya zaidi kwa sababu mshale unatembea kama kawaida. VDO wanatengeneza sensa za bar 5 na za bar 10, na zote zina ohmu zile zile mwanzo na mwisho. Geji ya bar 10 ikifungwa na sensa ya bar 5, itasoma mara mbili ya ukweli. Presha halisi ya bar 3.5, yaani psi 50 na ushee, itaonekana kama bar 7, zaidi ya psi 100. Mshale utapanda ukikanyaga, utashuka ukiachia, utapungua injini ikipata joto. Kila kitu kitaonekana sawa isipokuwa namba. Sensa huwa imechorwa kiwango chake ubavuni, na kuisoma kunataka tochi na kitambaa cha kufutia oili tu.

Kuna sensa zenye vichwa viwili vya waya, kimoja cha geji kilichoandikwa G na kingine cha taa ya onyo kilichoandikwa WK. Kile cha taa ni swichi: presha ikiwa hakuna, kimeunganishwa na bodi, presha ikiingia, kinakatika. Waya wa geji ya Ulaya ukifungwa hapo kimakosa, mshale unalala chini swichi ikiwashwa, kisha injini ikipiga tu unaruka hadi mwisho na kubaki hapo, iwe baridi au moto, taratibu au kwa kasi. Waya uliokatika nao unaupeleka mshale mwisho, tofauti ni kwamba huo unakwenda mwisho hata kabla injini haijawashwa. Mshale usiobadilika kamwe ni wa kushukiwa, kwa maana presha ya kweli haijui kutulia.

Halafu kuna athi, na hili ni la ovahoo hasa. Injini ikitoka gereji imepigwa rangi mpya, raba za kushikilia injini ni mpya, na ule ukanda wa waya unaounganisha injini na chesi ama umefungwa juu ya rangi au umesahaulika sakafuni. Sensa inategemea mwili wa injini kurudisha umeme. Athi ikiwa dhaifu, upinzani unaongezeka, na kwenye mfumo wa Ulaya upinzani ukiongezeka mshale unapanda. Fundi anayezungushia thredi tepu nyingi kwenye hesi za sensa ili isivuje anasababisha tatizo hilo hilo kwa mkono wake mwenyewe. Kupima ni rahisi: shika waya mmoja, upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande wa pili gusa mwili wa sensa injini ikiunguruma. Mshale ukishuka ghafla hadi eneo la kawaida, umepata jibu. Dalili za pembeni ni stata inayojivuta na mshale unaocheza ukiwasha taa kubwa au indiketa. Na ikiwa geji ya joto na ya mafuta nazo zimepanda kupita kawaida, itazame stebilaiza iliyo nyuma ya dashibodi, ile inayopunguza umeme hadi kama volti 10 kwa ajili ya geji. Yenyewe ikikosa athi, inaruhusu volti zote za betri kupita, na geji zote zinazoitegemea zinasema uongo kwa pamoja.

Baada ya hayo inafaa kupata geji ya pili isiyotumia umeme. Geji ya kimakanika ina bomba dogo lililopinda, ugunduzi wa Mfaransa Eugène Bourdon aliyeupatia hataza mwaka 1849. Oili ikiingia na kusukuma, bomba hilo linataka kunyooka na kuuvuta mshale. Haina haja ya athi wala volti. Injini ikizimwa lazima irudi sifuri; ikibaki kwenye 10 au 15, imekufa, itafutwe nyingine. Inafungwa pale pale ilipokuwa sensa, na hapa naomba subira: hesi za Kiingereza na za Kimarekani za robo nusu, zile za 1/8, zinafanana sana kwa macho, lakini moja ina meno 28 kwa inchi na nyingine 27. Ikikataa baada ya mizunguko miwili, usiilazimishe kwa spana. Tundu la bloku likiharibika, umejitafutia kazi kubwa kuliko uliyokuja nayo. Bomba lake nalo lisipite karibu na eksosi, kwa kuwa likipasuka litamwaga oili ya moto juu ya chuma chenye moto zaidi.

Asiye na geji ya pili anaweza kwenda kwa vijana wanaojaza upepo pembeni mwa barabara. Kompresa yao ina geji yake. Sensa ikifungwa kwenye mpira wa upepo kwa kiungio kinachofaa, mwili wake ukapewa waya wa athi, upepo ukapandishwa hadi 20, 40 kisha 60, unaulinganisha mshale wa dashibodi kwa kila hatua bila kuvuka kiwango cha sensa. Geji ya kompresa si ya maabara, lakini inakosea kwa psi chache. Tunachotafuta hapa ni kosa la psi 30 au 40, na hilo litaonekana.

Tuseme geji imethibitika kuwa inasema kweli. Sasa oili ipewe joto. Oili ya 20W-50, inayouzwa kila duka kati ya Mbezi na Chalinze, ikiwa kwenye nyuzi 40 ni nzito kama mara nane au tisa kuliko inavyokuwa kwenye nyuzi 100. Hiyo ndiyo tofauti kati ya asubuhi na mchana kwa injini, hata katika joto la Pwani. Geji ya maji ikifika katikati, oili bado iko nyuma. Maji yanapata joto mapema, oili inachelewa. Kuacha injini ikiunguruma mahali pamoja hakusaidii sana. Tembeza gari kutoka Maili Moja hadi Mlandizi na kurudi, kisha shika usukani kwenye kilomita 48 kwa saa, gia ya nne, sehemu tambarare, usome. Iandike namba hiyo. Halafu nenda Kisarawe. Vilima vile vinaipa injini kazi na oili inazidi kupata moto; ukifika juu, mwendo ule ule na gia ile ile, namba inapaswa kuwa imeshuka kidogo kuliko ile ya barabara ya Mlandizi. Ikiwa imeshuka hadi chini ya 65, hukuwa na tatizo, ulikuwa na oili ya baridi.

Ikibaki juu, swali linalofuata ni oili gani imo ndani. Hapa nafika kwenye jambo ambalo naona linasahaulika kuliko yote. Injini haifanyiwi ovahoo ikiwa nzima. Kabla yake kulikuwa na miaka ya uchakavu, na katika miaka hiyo fundi na mwenye gari walikuwa wakitafuta dawa. Taa ya oili ilianza kumeta kwenye foleni, wakahamia oili nzito zaidi, SAE 50 tupu au hata ya 60. Wakaongeza kopo la dawa ya kunenepesha oili. Dawa hizo zilifanya kazi kwa injini yenye nafasi pana. Injini mpya ina nafasi finyu, lakini mkono wa mwenye gari unarudi dukani na kuomba oili ile ile aliyoizoea. Presha ikipanda hadi 85 kwa oili ya namna hiyo, injini haina kosa. Imwagwe ingali moto, ibadilishwe na filta, iwekwe 20W-50 au 15W-40, kisha safari ya Mlandizi irudiwe.

Dawa ya pili ya miaka ile imejificha zaidi. Kwenye mwili wa pampu kuna valvu ya kupunguzia presha: gololi ya chuma inayosukumwa na springi dhidi ya tundu. Presha ikizidi nguvu ya springi, gololi inarudi nyuma na oili ya ziada inamwagika kurudi kwenye sampu. Nguvu ya springi hiyo ndiyo dari ya presha. Fundi aliyetaka kuinua mshale wa injini iliyochoka alikuwa akiweka wosha nyuma ya springi ili ibane zaidi, mara nyingine mbili. Kwa injini ile iliyochoka haikusaidia sana, kwa sababu oili ilikuwa ikitorokea kwenye beringi kabla ya kufika dari. Ovahoo ikafanyika, beringi mpya, kranki imechongwa, pistoni mpya, na pampu ikaoshwa na kurudishwa kama ilivyokuwa, wosha zikiwa ndani. Leo oili haina pa kutorokea, dari imeinuliwa, na mshale unaonyesha hivyo hivyo.

Barabara inaweza kukuambia kama kosa ni hilo kabla hujashusha sampu. Oili ikiwa na moto kamili, soma presha kwenye kilomita 48 kwa saa, kisha kwenye 65, kisha kwenye 80 kama gari linaruhusu. Ikipanda na kusimama mahali pamoja, tuseme 85, na isivuke hapo hata ukiongeza mwendo, valvu inafanya kazi lakini springi ina nguvu kupita kiasi: wosha, au springi isiyo ya injini hiyo. Ikiendelea kupanda kadiri unavyoongeza mwendo bila kuonyesha dari, gololi haifunguki kabisa. Hali hii ya pili nisingeendesha nayo kwenda Maneromango. Presha isiyo na dari inatafuta mahali dhaifu, na mara nyingi inaupata mpira wa filta; ukitoka mahali pake, oili inamwagika kwa kasi ambayo taa ya onyo itakuambia ikiwa imeshachelewa. Zaidi ya hapo, ekseli ndogo inayozungusha pampu inaendeshwa na gia za kamshafti zile zile zinazozungusha distribyuta, na mzigo wa ziada unazila taratibu.

Kwa nini gololi ikwame kwenye injini iliyotoka kuoshwa? Mara nyingi kwa sababu ya gundi. Silikoni ya gasketi ikipakwa nene, nusu yake inaminywa nje, ambapo unaiona na kuifuta, na nusu inaminywa ndani, ambapo huioni. Ile ya ndani inabanduka vipande vipande, inakwenda kwenye chujio la sampu, na vilivyopita hapo vinaingia kwenye valvu. Chembe za chuma zilizobaki baada ya kuchonga kranki zinafanya vivyo hivyo, na zenyewe zinakwaruza. Sampu ikishushwa, angalia chujio kwanza, kabla hujaligusa kwa petroli. Kilichonasa hapo kinakusimulia jinsi kazi ilivyofanyika. Kisha toa plagi ya valvu, toa springi na gololi, uhakikishe gololi inateleza kwa uhuru kwa kidole, na uhesabu kila kilichotoka. Wosha ya muhuri chini ya plagi ni halali. Wosha nyuma ya springi siyo. Kuna mafundi wanaokata springi mzingo mmoja ili kushusha presha. Siwashauri kabisa, kwa sababu springi iliyokatwa inabadilika ugumu wake na hakuna anayeweza kusema dari imehamia wapi. Inunuliwe springi ya pampu hiyo.

Mpaka hapa hatujagusa kranki, na katika magari mengi safari inakuwa imekwisha. Yakibaki machache ambayo geji ni ya kweli, oili ni sahihi na ina moto, valvu iko huru, na bado mshale hautaki kushuka, basi ndipo tunauliza kama injini imefungwa kwa kubana kupita kiasi au kama njia ya oili imeziba.

Kubana kunajionyesha kwa njia nyingine mbali na geji. Stata inapata taabu injini ikiwa ya moto kuliko ikiwa ya baridi. Ukizima, injini inasimama ghafla kama iliyoshikwa, badala ya kuzunguka kidogo na kutulia. Beringi za Land Rover zinauzwa kwa saizi za kranki iliyochongwa: inchi 0.010, 0.020 na kuendelea, na mtaani zinaitwa za kumi na za ishirini. Ikiwa mchongaji aliacha shingo za kranki nene kidogo kuliko saizi iliyoandikwa kwenye boksi la beringi, nafasi inapungua na oili inakosa pa kupita. Kuna uzi laini wa plastiki, Plastigauge, unaowekwa kati ya beringi na shingo, kofia inakazwa, inafunguliwa, na upana wa uzi uliopondeka unasomwa kwa karatasi yake. Jina langu lisingekuwa kwenye ovahoo ambayo haikupimwa hivyo. Mwenye gari naye ana haki ya kuomba karatasi yenye vipimo kutoka kwa mchongaji: kila shingo, kwa namba, kwa mwandiko. Wachongaji wazuri wanaitoa bila kuombwa. Na anayenunua beringi Gerezani aulize kwanza injini ni ya namna gani, maana hadi 1980 kranki ya lita 2.25 ilikaa kwenye beringi kubwa tatu, na baada ya hapo ikakaa kwenye tano.

Njia iliyoziba ndiyo hatari kuliko yote, na kuipima hakuhitaji kifaa. Injini ikiwa na moto, fungua kava ya tapeti, washa, iache iungurume taratibu, utazame roka. Oili inapaswa kutoka kwenye kila roka, kidogo kidogo, ikilowanisha ekseli yake na kushuka kwenye springi za valvu. Roka zikiwa kavu huku geji ikisoma 80, zima hapo hapo. Oili inasukumwa lakini haifiki juu, na kelele ya tapeti uliyodhani ni ya kurekebisha nafasi ni ya chuma kinachosaga chuma. Inawezekana bushi ya kamshafti iligongwa ndani huku tundu lake likiwa limepishana na tundu la bloku. Inawezekana ekseli ya roka ilirudishwa imegeuzwa. Au nguzo ya roka yenye njia ya oili imebadilishana nafasi na isiyo nayo. Haya mawili ya mwisho yanarekebishika bila kushusha hedi, kwa hiyo yaangaliwe kwanza: ekseli itolewe, kila tundu lichomwe kwa waya mwembamba, kisha lipulizwe upepo hadi hewa itoke upande wa pili.

Ekseli ikiwa safi na imekaa sawa, pigisha injini kwa stata tu, plagi zikiwa zimetolewa, ukitazama tundu la hedi linaloleta oili kwenye nguzo. Oili ikibubujika hapo, kosa lilikuwa juu na umelimaliza. Tundu likibaki kavu, kizuizi kiko chini yake, na cha kwanza kushukiwa ni gasketi ya hedi, kwa kuwa za bei rahisi zinauzwa kwa injini zaidi ya moja na tundu la oili halitobolewi mahali pamoja. Hedi inashuka. Gasketi ya zamani inalazwa juu ya bloku na kulinganishwa tundu kwa tundu, kisha mpya inalinganishwa vivyo hivyo kabla ya kupakwa chochote, na njia ya oili ya bloku inapulizwa upepo kutoka juu huku mtu wa pili akisikiliza kwenye sampu iliyo wazi.